Miguu ya Kingori na Sufuria za Kiriaini

Pale Kiriaini, kando ya duka la mbolea, yuko mwanamume anaitwa Kingori ambaye ameendesha baiskeli miaka ishirini na hajawahi kufika popote. Msinicheke kabla sijamaliza. Kingori ni mnoa visu. Baiskeli yake aliachiwa na mjomba: gurudumu la nyuma limeinuliwa juu ya stendi ya chuma, na mkanda umetoka huko nyuma ukapanda mpaka kwa jiwe la kunoa lililofungwa mbele ya usukani. Yeye hukaa kitini, anapiga pedali, jiwe linazunguka, kisu kinalia, cheche zinaruka. Jioni anashuka, anakunja stendi, anaisukuma baiskeli mpaka kwake, akitembea kando yake kama mtu anayepeleka ng'ombe kuogeshwa.

Kwa hiyo miguu anayo. Mashavu ya miguu yake ni kama mitungi miwili ya maziwa. Mimi nimeona kwa macho yangu mbu akitua pale kunyonya. Kingori akakaza msuli kidogo tu, mdomo wa mbu ukapinda, na mbu akaondoka kwa miguu.

Lakini kitu kimoja hakijui, nacho ni kuendesha baiskeli. Ile inayotembea, namaanisha. Ukiondoa stendi, Kingori ako chini kabla hujasema pole. Nalijua hilo kwa sababu shamba langu linapakana na lake, na asubuhi moja alijaribu kwenye ile njia ya katikati. Aliingia kwenye chai yangu kwa kichwa, na akatoka amechuma mengi zaidi kwa meno kuliko wachumaji wangu wanavyochuma kwa mikono.

Sasa, kila Desemba kuna mbio za baiskeli. Zinaanza sokoni, zinaenda mpaka Othaya, zinarudi palepale sokoni, na zawadi ni mbuzi dume. Kwa miaka mitatu mbuzi huyo alipanda pikapu akaenda Kangari, maana watu wa Kangari wako na muuza maziwa anaitwa Mutahi ambaye hupanda milima kama moshi. Kamati ya soko ikakaa kutafuta dawa. Mwenyekiti ni Wambugu wa bucha, mtu mwenye sauti kubwa na visu butu. Asubuhi moja alikuwa amepeleka shoka lake kunolewa, akainama kufunga kamba ya kiatu, na akajikuta uso kwa uso na miguu ya Kingori. Hakuuliza swali lolote. Kufikia saa sita soko lote lilijua kwamba bingwa amepatikana.

Mtu angemwambia Wambugu ukweli siku ileile. Kingori mwenyewe alitaka. Shida ilikuwa Tabby.

Tabby ana kibanda cha chakula ng'ambo ya barabara, mkabala na jiwe la Kingori. Ni mjane. Marehemu alimwoa kwa kumwonyesha ekari tatu za chai, na baada ya harusi ikajulikana kwamba ekari zile ni za kaka yake. Tangu hapo Tabby akimshika mwanamume kwa uongo, hata uongo wa bei ya nyanya, hampi kikombe tena mpaka kaburini. Kingori amemnolea visu bila malipo tangu Murugi, msichana wa Tabby, alipokuwa akibebwa mgongoni. Na kwa miaka hiyo yote alichoweza kumwambia ni "Kimekuwa kikali, Mama Murugi." Basi. Akirudi nyumbani alikuwa akiiambia mibuni yake ya kahawa yale mengine.

Siku jina lake lilipotangazwa, Tabby alivuka barabara na kikombe cha uji kwa mkono wake mwenyewe.

"Ati ni wewe utatuletea mbuzi," akasema.

Kingori alifungua mdomo aseme ukweli. Uji ukaingia.

Mnaona shimo aliloingia. Akisema ukweli, uji unakatika. Asiposema, siku ya mbio Tabby ataona uongo mkubwa kuliko ekari tatu, na ataona mbele ya Kangari nzima.

Hapo ndipo ukaanza mjadala wa chakula. Wambugu alisema mtu hawezi kukimbia na baiskeli bila supu ya mifupa na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, kwa sababu nguvu ya ng'ombe haipotei, inahama tu. Afande Khisa, polisi wetu anayetoka upande wa Bungoma, alicheka akasema watu wa mlima ni wepesi kwa kuwa wanakula githeri, mahindi na maharagwe, kama watoto wa shule. Yeye alitaka ugali wa wimbi na kuku mzima. Alimweleza Kingori kwamba baiskeli ni sawa na lori, haipandi Othaya na tenki tupu. Kina mama wa kanisa walileta njahi, yale maharagwe meusi, maana njahi humrudishia nguvu mwanamke aliyejifungua, na hakuna aliyekumbuka kuuliza Kingori amejifungua nini.

Kisha akaja Anita. Anita amefungua jimu ya mazoezi nyuma ya posho mill ya kusaga mahindi, na huvaa nguo za kubana zinazofanya wazee wasalimie ardhi. Yeye alisema kwa upole kwamba mwendesha baiskeli anakula uji mwepesi wa oti na ndizi mbivu, masaa mawili kabla, kisha analiacha tumbo litulie. Nyama asiguse, maharagwe asiyaone. Alisikilizwa kwa heshima kubwa. Alipomaliza, Wambugu akamwuliza kama amewahi kuona ndizi ikimshinda fahali.

Walibishana hivyo wiki baada ya wiki. Walijua mpaka utumbo wa Kingori umepinda mara ngapi. Kama kati yao kungekuwa na mmoja wa kusema, hebu panda baiskeli tuone, hadithi yangu ingekuwa fupi. Lakini huku kwetu tukishaanza kuongea juu ya chakula hatuna haraka ya kwenda popote.

Na Kingori alikula vyote. Angefanyaje? Kukataa chakula cha mtu ni kumtukana mpaka bibi yake. Mkanda wa suruali yake ulihamia tundu la mwisho, halafu akaazima wa jirani mnene. Kile kilichomshinda kilipitia kwenye ua kuja kwangu, na mimi si mtu wa kuacha mguu wa kuku ukae peke yake. Ndiyo maana sikuwa na neno.

Kamati ilimkodishia baiskeli ya mbio kutoka Nyeri, nyembamba kama panzi. Kingori aliitazama akatoka jasho, akasema mguu wake unajua pedali yake, atatumia ileile ya jiwe. Kamati ikatikisa kichwa kwa mshangao. Wambugu akasema hayo ndiyo maneno ya bingwa.

Asubuhi ya mbio wote walileta kwa pamoja. Supu, mutura, ugali, kuku, uji wa oti, ndizi, njahi. Kingori alikula akiwa amekaa juu ya baiskeli, kama mfalme anayelishwa kabla ya kunyongwa. Tabby alikuja mwisho, mikono mitupu.

"Umekula?" akamwuliza.

"Nimekula."

"Basi mimi sijaleta. Endesha kwanza."

Afande Khisa akapiga filimbi. Vijana wakaondoka kama nyuki, Mutahi mbele, wakateremka kuelekea mtoni. Kingori naye akapiga pedali. Stendi iko chini, gurudumu liko hewani, jiwe linazunguka. Alipiga pedali mpaka kofia za wazee zikapeperuka na nguo za mitumba zikaondoka kwenye kamba kwenda kutafuta wateja Murang'a. Na hakusogea hata upana wa kidole.

Anita alisema anapasha misuli moto. Khisa alisema anampa Mutahi nafasi kidogo, kwa sababu ya heshima. Vumbi lilipotulia na wengine wakawa hawaonekani tena, Wambugu alimwendea kumfokea, kisu cha kuchinjia mkononi. Kingori, kwa mazoea, akakichukua akakiweka kwenye jiwe. Mama mmoja kuona hivyo akaleta panga. Mwingine akaleta jembe. Foleni ikawa ndefu, na bingwa akanoa kichwa kikiwa chini, hathubutu kutazama kile kibanda ng'ambo ya barabara.

Alikuwa bado anapiga pedali Mutahi alipotokea kwenye kona, ulimi nje, jezi imelowa. Akafika kwenye mstari wa kumalizia, ambao ni uleule wa kuanzia, akamkuta Kingori hapo juu ya baiskeli. Akaiangusha yake chini.

"Huyu amerudi saa ngapi?" akauliza.

Watu wa Kiriaini wakatazamana. Wambugu hakupewa uenyekiti bure, yeye ndiye aliyeelewa kwanza.

"Amerudi kitambo, bwana," akasema. "Alichoka kukungoja, akaanza kazi."

Soko likalipuka kwa vigelegele. Kingori akainuliwa mabegani, na kwa kile chakula alichokula ilihitaji wanaume wanane na mmoja wa kuomba. Kutoka huko juu akamwona Tabby mlangoni mwa kibanda, amekunja mikono. Alikuwa ameona kila kitu kutoka mwanzo. Alikuwa anangoja tu kuona kama huyu naye atachukua ekari za kaka yake.

"Nishusheni," Kingori akasema. "Mimi sijui kuendesha baiskeli. Sijawahi jua. Nikitoa hii stendi naanguka."

Mbuzi mwenyewe akaacha kutafuna. Kisha Anita akasema sukari imemshuka mwilini, apewe ndizi. Khisa akasema tenki imeisha. Wambugu akaagiza supu. Kingori alipoona hawatamwamini kwa maneno, alikunja stendi, akapanda, akapiga pedali mara moja, akaanguka katikati ya kreti za nyanya.

Mbuzi akapakiwa kwenda Kangari. Watu wakatawanyika wakimwacha Kingori amelala kwenye nyanya kama nyama iliyo tayari kwa sufuria. Tabby akavuka barabara, akasimama juu yake.

"Umesema mbele ya watu wote."

"Nimesema, Mama Murugi."

"Na walikuwa wameshakupatia mbuzi."

"Walikuwa wamenipatia."

Tabby akamtoa ganda la nyanya kwenye nyusi. "Hawa wote walikuuliza utakula nini kabla," akasema. "Jioni utakula nini?"

Kingori akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba, hakuna aliyetia kitu ndani. Jioni hiyo baiskeli ilisukumwa kupanda ule mlima mwingine, wa kwenda kwa Tabby, sufuria za Tabby zimefungwa nyuma, na Murugi akishika jiwe lisigonge.

Kamati nayo ilikaa kuchunguza tumekosea wapi. Walibishana mpaka jua likatua, na uamuzi ukawa kwamba kosa lilikuwa njahi. Wakachagua bingwa mwingine palepale: Gathogo fundi cherehani, kwa sababu mguu wake umekanyaga pedali ya mashine tangu ujana. Supu imeshaanza kupelekwa.

Juzi Gathogo alikuja kwa jiwe na mkasi wake, akijifanya anataka unolewe tu, akamnong'oneza Kingori amsaidie: kati ya ugali na ndizi, ale nini. Kingori alijaribu makali ya mkasi kwa kidole gumba, akamwuliza swali moja.

"Uji anakuletea nani?"

Gathogo akatazama viatu vyake, akaanza kutabasamu.