Aliyepanda Paa la Kiwanda cha Sabuni

Uangalie vizuri mkono wangu huu wa kushoto. Vidole vya mwisho havipo, na hiki cha kati hakikunji tena. Pale kwetu Buyenzi wapo wanaosema nilikuwa nimelewa, wengine wanasema jua lilinichanganya. Pombe sijaionja maishani mwangu, na jua la Bujumbura limenilea. Wallahi, ninachokusimulia kilinipata mchana kweupe, akili zangu zikiwa timamu, na anayebisha aje aushike mkono huu.

Kazi yangu ilikuwa kufunga na kutengeneza feni kubwa za kutoa moshi na mvuke, zile zinazokaa juu ya paa za viwanda. Nilifanya na shemeji yangu Hamadi, kaka wa mke wangu, mtu mpole ambaye hata kuku anaogopa kumchinja. Kwenye kiwanda kimoja cha sabuni, barabara ya kwenda Kinama, tulikuwa tumefunga feni iliyonizidi kimo. Baada ya miezi kadhaa wakatuita. Feni ilikuwa inatetemeka mpaka mabati yanalia.

Nilijua ni nini. Mvuke wa mawese hugandisha mafuta kwenye mapanga ya feni, upande mmoja unakuwa mzito, mzunguko unayumba. Dawa yake ni kufungua kifuniko cha pembeni, kuingiza mkono ndani na kukwangua panga moja moja. Tulikwenda Jumapili, kiwanda kimefungwa, yupo zamu peke yake, yaani mlinzi, mzee wa getini.

Utaratibu wetu haukubadilika: mimi juu, Hamadi chini ukutani, kwenye swichi. Nikimaliza, naita kupitia bomba la feni, "Washa!", naye anawasha. Sauti ilishuka kwenye bomba lile utadhani tumekaa chumba kimoja.

Nikakwangua. Mabati yalikuwa ya moto hata nikatandika magunia ya kupigia magoti. Mara nikasikia mtu anapanda ngazi. Nikageuka, nikamwona Hamadi. Kofia yake, ovaroli yake ya buluu yenye kiraka begani. Akakaa karibu yangu, juu ya bati tupu, miguu peku.

Hebu niambie, mtu anakaaje peku kwenye bati lile? Niliona, lakini nikiwa kazini macho huona na kichwa kisishughulike.

"Nani amebaki kwenye swichi?" nikamwuliza.

"Usijali, shemeji. We fanya kazi."

Akawa ananipa spana kabla sijaomba. Hata nikafurahi, nikasema leo tutamaliza mapema. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Shemeji, we ukikufa hapa, kazi yako atachukua nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hapo hapo, kutoka ndani ya bomba, chini kabisa, nikasikia sauti ya Hamadi: "Shemeji! Bado tu? Mi nachoka huku!"

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya feni, mpaka kwenye kiwiko. Nikamtazama aliyekaa kando yangu. Alikuwa ananitazama pia, anatabasamu. Akainamia lile tundu, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu. Yangu mimi!

"Tayari! Washa!"

Nikavuta mkono. Akaniwahi, akanishika juu ya kiwiko na kuusukuma ndani tena. Feni ile haichelewi kushika kasi. Sikusikia maumivu kwanza, nilisikia mlio, kama mtu anavunja kuni mbichi, halafu damu ikaruka ikanijaa machoni. Akanipanda mgongoni, goti lake likanibana katikati ya mabega, mkono wake shingoni, ananisukuma kichwa kwenye tundu la kifuniko. Upepo wa mapanga ulikuwa unanipiga usoni. Niamini, nilinusa damu yangu mwenyewe ikiwa imechanganyika na sabuni.

Nikapapasa kwa mkono wa kulia, nikaipata spana kubwa. Nikampiga bila kuangalia. Ya kwanza ikaingia kwenye bega lake, ikazama kama unapiga unga uliokandwa. Ya pili nikampata shavuni, mfupa ukabonyea, jicho likashuka. Hakutoa hata tone la damu. Akaniuma sikio, mi nikampiga tena mdomoni, meno yakamwagika juu ya bati, na hakuniachia.

"Zima!" nikapiga kelele. "Hamadi, zima! Nakufa!"

Naye, mdomo wake kwenye sikio langu, kwa sauti ile ile yangu: "Apana! Usizime! Acha izunguke!"

Zima. Usizime. Zima. Usizime. Fikiria huyo aliye chini anasikia nini.

Feni ikazima.

Alipoona mapanga yanalegea, akasimama. Shavu limebonyea, jicho linaning'inia, uso wote una damu yangu. Akaifuta kwa kiganja, akailamba taratibu, halafu akatembea mpaka ukingoni mwa paa akajiachia. Sikusikia kishindo. Zamu alikuwa amekimbilia nje wakati ule, yupo uani, macho juu. Anaapa mpaka leo kwamba hakuna kilichoanguka.

Nilizinduka hospitalini. Mke wangu alikuwa amekaa karibu na kitanda. Kichwani mwangu ulikuwa umebaki uso ule tu, na neno langu la kwanza lilikuwa: "Kaka yako ametaka kuniua."

Alipiga ukelele, akatoka. Alirudi kwao na watoto, na mtaani habari ikaenea kwamba Hamadi alitaka kuninyonga juu ya paa. Vijana wa ukoo wetu wakamvizia karibu na msikiti, wakampiga mpaka wakamvunja mbavu. Hakurudisha hata kofi.

Kisha siku moja akaja kwangu, anatembea kwa kujishika ubavu, ameletwa na yule zamu.

"Mi nilikuwa na yeye," mzee akasema. "Tunakula karanga pale kwenye swichi. Hakutoka hata kukojoa. Mutu mwingine hakupanda."

Nikamtazama Hamadi usoni. Vijana walikuwa wamempiga mbavuni tu. Shavu lake lilikuwa zima, meno yote yapo. Na yule wa juu nilimpiga mimi kwa spana, kwa mkono huu wa kulia, nikasikia mfupa unabonyea! Nikaanza kulia.

"Ulijuaje ni nani wa kumsikiliza?" nikamwuliza.

"Sauti ilikuwa moja," akasema. "Ila yule wa usizime alikuwa halii."

Mke wangu alirudi. Lakini mpaka leo nikimwita Hamadi nikiwa chumba kingine, hajibu. Anakuja kwanza mlangoni, ananiangalia uso, ndipo aseme, "Naam, shemeji."

Nami niliacha kazi ya paa. Ninauza spea dukani, nimekaa chini kama unavyoniona. Mwaka jana fundi mmoja wa Mutakura alikatwa mkono wote na feni ya kiwanda, akafa kabla ya kufika hospitali. Nilikwenda matangani. Mwenzake aliyekuwa kwenye swichi alikuwa anasema alisikia sauti kutoka juu: "Tayari, washa!"

"Sauti ya nani?" nikamwuliza. "Ya marehemu?"

Akanyanyua uso, akanitazama, kisha akasogea nyuma.

"Yako," akasema.

Basi wewe mwenye kazi hii, funga swichi kwa kufuli, na ukipanda, panda na ufunguo mfukoni mwako. Na ukisikia sauti yangu juu ya paa inakwambia uwashe, nakuomba usiwashe. Mimi sipo huko.