Kumtunza Mchezaji wa Bali

Dada yangu hakutaka kwenda kisiwa cha Bali. Alisema, akitaka makelele, kwetu Sib yapo. Binti yake wa pekee alikuwa amefariki mwaka uliopita, na tangu hapo, taarabu ikipigwa harusini na wenzake wakiinuka kumtunza mwimbaji noti, yeye hukaa kitini kama mzigo uliosahauliwa. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: nimwone ameinuka. Nikavutana bei na wakala wa tikiti Matrah mpaka akaniomba nisirudi tena dukani kwake.

"Pesa hawarejeshi," nikamwambia dada. Hilo ndilo lililompandisha ndege.

Kule, kwenye onyesho la ngoma, wanaume waliketi chini wakigonga vibao vya shaba kwa nyundo ndogo, wote kwa mpigo mmoja.

"Masufuria ya nani haya wanayaharibu?" dada akaninong'oneza.

Nikahesabu hilo kuwa ni tabasamu. Nikalihesabu tena, lilikuwa bado lipo.

Kisha akatoka msichana mwenye maua kichwani, vidole vinatetemeka, macho kayakodoa. Kila shaba ikilia, macho yanaruka kulia, yanaruka kushoto. Dada akasogea ukingoni mwa kiti. Nilijua kwa nini. Siku za mwisho za binti yake, sauti ilipomkatika, alikuwa akisema kwa macho: kulia maji, kushoto ageuzwe.

Dada akainuka. Kwetu ubeti ukikugusa hukai. Unakwenda na noti yako, taratibu, unacheza, mpaka kwa mwimbaji. Akaenda hivyo hivyo na buibui lake, riali imenyanyuliwa juu. Watalii wakainua simu, wakidhani naye ni wa mchezo. Sikumzuia. Wallahi nilifurahi.

Msichana hakuipokea. Macho yalifuata shaba, si dada. Noti ikabaki hewani mpaka mzee mmoja wa pale akaja, akamshika dada kiwiko kwa adabu, akamrudisha kitini.

"Si desturi yao, dada. Hawatunzwi," nikamwambia.

"Alikuwa akinambia mimi," akasema.

Ngoma ilipokwisha, wachezaji walisimama nje kupigwa picha. Dada akanivuta katikati ya watu mpaka mbele ya yule msichana. Rangi ya uso ilikuwa inachuruzika kwa jasho, anacheka na mwenzake. Akamtazama dada moja kwa moja, macho yametulia, akampa tabasamu la mgeni yeyote.

"Si yeye," dada akasema. "Twende zetu."

Nikamfuata, noti yake bado kaikunja mkononi.

Juzi kulikuwa na harusi mtaani kwetu Sib. Nilimpitia nimeshavaa, nikamkuta jikoni anachambua mchele.

"Nenda wewe, mdogo wangu. Mimi hata kukaa kitini siwezi tena."

Nikaenda. Walioniuliza habari zake niliwaambia ana mafua. Walikuwa wawili tu.