Shangazi Anasubiri Mchumba, Mimi Nilitaka Nakshi Tu

Admin, nifichie jina na picha usiweke, maana ndugu zangu wengi wako humu na wanasoma mpaka komenti. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na nane, naishi Karagwe, upande wa Kituntu, sijaolewa. Hilo la kutoolewa nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililonifikisha hapa.

Nilisomea ushonaji, nikaajiriwa kwa fundi mmoja mjini, kushona sare za shule kutwa nzima, mpaka nikaona nitazeeka nikiwa nageuza kola. Mwaka huu nikaacha. Nikasema nitajitegemea, nibuni vitambaa vyangu na mitindo yangu, mteja anipigie simu, duka sina. Hapa kwetu hilo halieleweki. Ukisema wewe ni mbunifu, mtu anaitikia vizuri kabisa, halafu kesho yake analeta suruali umpunguzie. Baba akaniuliza, "Sasa hiyo kazi yako mlango wake uko wapi?" Tangu hapo situlii. Nakaa, nasimama, nachora, nafuta, naenda kuangalia rangi kama imekauka wakati najua fika haijakauka.

Nina shangazi, dada yake baba, anakaa Rugu. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Anasuka vile vikapu vidogo vyenye kifuniko vya kumkaribishia mgeni kahawa ya kutafuna, na kwenye kifuniko anaweka nakshi nyeusi, pembe pembe zinazofukuzana kuzunguka. Nakshi hiyo ni ya nyumba yetu. Nikaona hiyo ndiyo itakayonitofautisha na vitenge vya gulioni ambavyo kila mtu anavyo.

Nikaenda Rugu, nikamkuta anamenya ndizi. Nikamwambia, "Shikamoo shangazi. Nimekuja unifundishe ile nakshi yako." Akaweka kisu chini, akanitazama, macho yakamlengalenga. "Marahaba mwanangu. Nilidhani nitakufa hujaniomba." Nikajua ni furaha ya mtu mzima kuona binti anapenda kazi za mikono. Akanifundisha huku akiimba, mkono wake juu ya wangu, ingawa macho yake siku hizi yanamsumbua sana.

Jamani, mimi sikujua. Ujana wangu nimeumalizia bwenini, mambo mengine ya ukoo yamenipita. Kwa akina mama wa kwetu, binti haombi nakshi ile hivi hivi tu. Anaiomba akishapata mchumba. Ndiyo namna yake ya kumwambia shangazi, bila kuona aibu, kwamba kuna mtu anakuja. Na kikapu kinachosukwa hapo ndicho ambacho shangazi atamkaribishia kijana kahawa siku ya kujitambulisha.

Mimi nikarudi zangu nyumbani, nikachonga nakshi kwenye soli ya ndala, nikaichovya rangi, nikaanza kugonga kwenye kitambaa cha pamba. Kilitoka vizuri mpaka nikalia peke yangu. Nikaweka picha statasi, na dada mmoja wa Kimuli, kule Kyerwa, akanipigia. Ana sendofu yake ya kuagwa kwao mwisho wa mwezi huu, anataka kitambaa hicho hicho kiwe sare ya familia yao yote. Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza wa maana, na ameshaniambia wenzake wawili wanangoja waone kitakavyovaliwa.

Nikiwa katikati ya kazi shangazi akaja kutembea. Akakuta vitambaa vimejaa kwenye kamba. Akakishika kimoja, akakisugua kwa vidole, akasema, "Umeanza na sare kabisa. Safi. Nilikuwa naogopa siku yako tutavaa vitenge vya kuazima."

Nikauliza, "Siku yangu ipi, shangazi?" Akacheka, akanipiga begani. "Unaniona mtoto?" Hapo ndipo akanieleza maana ya kile nilichomwomba, akidhani ninajifanya tu sijui. Kumbe ukoo mzima una habari. Baba mdogo ameshatenga migomba ya ndizi za rubisi, pombe ya harusi. Baba naye ndiyo maana hajaniuliza tena habari za mlango. Anaamini niliacha kazi kwa sababu naolewa, na wallahi sijawahi kumwona akinisalimia kwa furaha kama siku hizi.

Nilijaribu kusema ukweli. Nikamwambia, "Shangazi, vitambaa hivi ni vya kazi." Akanijibu, "Maharusi wote huwa na haya." Nikaendelea kuanika. Niliona uoga na hasira kwa pamoja, maana hata mtu wa kumkasirikia simwoni.

Mke wa baba mdogo ametokea Kimuli na kwenye sendofu hiyo amealikwa. Nikipeleka mzigo, atawaona watu wa nyumba nyingine wamevaa nakshi yetu, na habari kwamba nimeiuza itafika Rugu kabla sherehe haijaisha. Nisipopeleka, nimemwangusha mteja, jina limekufa kabla halijazaliwa, narudi kwenye kola.

Jana shangazi amekuja tena na kikapu, amekimaliza. Nakshi imepinda upande mmoja kwa sababu ya macho yake, akasema nimsamehe, hatasuka kingine. Amekijaza kahawa tayari. Akaniambia, "Sikulazimishi umlete leo. Nitajie jina lake tu, nijue ninamwombea nani." Nikamwambia nitamtajia Jumapili tukitoka kanisani.

Wale mtakaoandika "si uolewe tu", kahawa ipo, kijana ndiye hayupo. Wengine naombeni mnisaidie kwa moyo. Kikapu kiko juu ya meza, mzigo wa Kimuli umekunjwa pembeni yake, na Jumapili ni keshokutwa. Shangazi atanishika mkono pale nje ya kanisa asubiri jina. Nimtajie nini?