Mama Mkwe Alilia Mbele ya Oveni Yangu

Tangu niolewe nimemwona mama mkwe wangu akilia mara moja tu.

Hakulia kwenye mazishi ya mumewe. Hakulia kwenye harusi yetu. Alilia jikoni kwangu, mchana kweupe, mbele ya oveni iliyojifunga mlango na kukataa kufunguka.

Sikujua analilia nini.

Kibaya zaidi, nilidhani najua.

Naitwa Bluma. Naishi Melbourne, mtaa wa Balaclava, na mume wangu Lazer na binti yetu Gita, ambaye wakati ule alikuwa na miaka mitatu na mdomo wa miaka arobaini. Mchana nalea, jioni nasoma kozi ya kuhudumia wazee. Mungu akipenda iko siku nitakuwa muuguzi kamili.

Sisi ni Wayahudi wa kushika dini. Ila mimi sikuzaliwa humo. Kwetu Pasaka ilikuja ikapita na mkate uko mezani kama kawaida. Haya ya kutenga vyombo vya nyama na vya maziwa, ya kutoa chachu yote ndani ya nyumba, nimejifunza ukubwani, kama mtu anayejifunza gari huku wenzake wote wanaendesha.

Mama mkwe wangu, Mama Raizel, kazaliwa nayo.

Na tangu niingie kwenye familia ile, Mama Raizel hakuwahi kutia kitu kinywani nyumbani kwangu.

Keki hali. Tunda hali. Chai nikimtengea inapoa mpaka inafanya utando juu.

"Nimeshiba, binti."

"Hata tufaha, Mama?"

"Nimekula kabla sijatoka."

Mtu gani huyo anashiba kila siku?

Kwetu sisi, mtu akikataa chakula chako mara moja ni tumbo lake. Akikataa miaka yote, ni jiko lako. Anakwambia bila kukwambia kwamba huaminiki, kwamba huenda umechanganya vyombo. Na wanawake wa sinagogi wanaona. Hawasemi kitu, wanakuangalia tu na kale katabasamu.

Hata Gita hakuwahi kumpakata. Namnyooshea mtoto, yeye mikono anaitia mifukoni mwa sweta, anamchekea kwa mbali.

Hilo liliniuma kuliko chai.

Nikimlalamikia Lazer, ananiambia, "Mama ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo kwa watu wote, au kwangu?"

"Bluma, mimi mmenishika mkono huku na huku. Mkivuta zaidi nitachanika."

Sasa mwaka ule, wiki ya kuelekea Pasaka, simu ikaita. Mama Raizel.

"Pasaka mnakula wapi?"

"Hapa hapa kwetu, Mama. Karibu sana."

Nikasikia anahema.

"Hiyo oveni yako, ile inayojisafisha yenyewe. Nitakuja kuiona ikifanya kazi."

Nikajua mtihani umefika.

Iko hivi. Oveni imeoka mikate mwaka mzima, kwa hiyo Pasaka ikikaribia lazima chachu yote iliyogandia humo iungue iishe. Zamani watu walichoma kwa mtungi wa gesi, moto unafoka kama wa fundi wa kuchomelea. Siku hizi unabonyeza kitufe. Oveni inajifunga mlango, inapanda moto ambao kila kilichomo kinageuka majivu, na haifunguki mpaka ipoe. Rabi alisharuhusu.

Akaja siku moja kabla ya mkesha wa sikukuu, mkoba kaubana kwapani kama mtu aliyebeba mshahara. Jiko lilikuwa linang'aa, nimelifunika foili kila mahali. Lazer alikuwa sinagogini na vyombo vyetu, kule ambako kila mwaka wanachemsha maji kwenye pipa kubwa uani, watu wanapanga foleni kutumbukiza sufuria na vijiko vyao vitakasike kwa Pasaka.

"Vijiko vyako vimeenda kwenye pipa?" akauliza.

"Lazer kavipeleka, Mama. Anasema foleni imefika barabarani."

"Na kila mtu anakagua vyombo vya mwenzake."

"Hayo ndiyo yenyewe."

"Wale wana macho kama watu wa forodhani," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona karibu acheke.

Akainama kuchungulia ndani ya oveni.

"Hivi vyuma vya kupangia sinia vinabaki humu?"

"Vinabaki, navyo viungue vitakasike."

"Na chuma kingine mtu akikiweka humo?"

"Chuma chochote, Mama. Rabi kasema."

Akatikisa kichwa polepole. Mimi moyoni nikawa nashangilia. Nimejibu yote.

"Mtoto analia," akasema.

"Sijamsikia."

"Nenda kamwangalie, binti."

Nikaenda. Gita kalala fofofo, mguu mmoja nje ya shuka. Niliporudi nikakuta mlango wa oveni umeshafungwa, na Mama Raizel kasimama pembeni, mikono mifukoni.

"Bonyeza," akasema.

Nikabonyeza. Kufuli ya ndani ikalia *klik*.

Tukakaa. Na ajabu, tukaongea. Akanisimulia Lazer alivyokuwa mtoto, alivyoficha mkate ndani ya kiatu siku ya Pasaka kwa sababu aliuonea huruma. Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nikawaza, Bluma, mwaka huu ndio mwaka wako.

Ndipo nikasikia harufu.

Haikuwa harufu ya mafuta ya zamani yanayoungua. Ilikuwa kali, ya mpira, kama gurudumu.

Nikageuka. Moshi mweusi ulikuwa unatoka juu ya mlango wa oveni. Nilipoinama kwenye kioo nikaona mwali mdogo umekaa nyuma kule, unakula kitu.

King'ora cha moshi kikaanza. Gita akaamka na mayowe. Nikambeba, nikafungua madirisha, nikabonyeza kitufe cha kuzima. Oveni ikazima taa. Mlango haukutikisika.

Nikampigia Lazer.

"Kuna kitu kinaungua kwenye oveni."

"Kitu gani?"

"Ningekuwa najua ningekupigia?"

"Zima umeme ukutani."

Nikazima. Kufuli haikuachia. Nikavuta mpini kwa mikono miwili, huku nimembana Gita kwa goti. Ilikuwa kama kuvuta ukuta.

"Fungua," Mama Raizel akasema nyuma yangu.

"Haifunguki, Mama. Ikishapanda moto inajifunga mpaka ipoe."

"Fungua, nakwambia."

"Nifungueje, Mama? Niambie wewe nifungueje."

Akaukaribia mlango. Nikadhani atauvuta. Hakuutoa hata mkono mfukoni. Alisimama tu anaangalia kile kimwali nyuma ya kioo, mabega yakaanza kucheza, na machozi yakamtiririka bila ya yeye kuyafuta.

"Imeharibika," akasema. "Yote imeharibika."

Akachukua mkoba, akatoka. Hata kwaheri hakusema.

Mimi nikakaa chini sakafuni na mtoto wangu, jiko limejaa moshi, foili inang'aa kila upande, na oveni imekaa mbele yetu imenuna. Hakuna nilichoweza kufanya. Hata kujua nilichokosea sikuweza. Nilikuwa na uhakika niliikagua na ilikuwa tupu. Basi nimesahau nini humo? Kifuniko? Mwiko? Kwa nini leo, kwa nini mbele yake?

Nilikuwa naona kesho yake. Naona sinagogi. Mke wa Lazer kachoma plastiki kwenye oveni ya Pasaka.

"Mama, bibi ananuka moshi?" Gita akaniuliza.

"Bibi kaondoka, mwanangu."

"Atarudi kula?"

Nikampangusa machozi, nikampakata.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama oveni ilipoachia yenyewe. *Klik.* Nikafungua taratibu.

Nyuma kabisa, juu ya chuma, kilikuwepo kijiko.

Hakikuwa changu. Kilikuwa kizito kuliko kawaida, shingo yake imepindishwa upande, na kwenye mpini palibaki gamba jeusi la mpira ulioungua.

Nikajua ni nini kabla sijakishika. Kozi ya jioni walitupa kijiko kama kile, wakatuvalisha glavu nene, wakatuambia tule uji. Ni kijiko cha mtu ambaye mikono yake inatetemeka. Ule uzito unaituliza, ule mpindo unamfikishia kinywani.

Nikabaki nimekishika.

Mikono mifukoni. Chai inayopoa. Mtoto asiyepakatwa.

Mimi nasoma jinsi ya kuhudumia wazee, na huyu alikuwa anakaa kwenye kiti changu.

Lazer alipoingia na sufuria zake, kijiko kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yangu.

"Nani kachoma tairi humu?"

"Mpira tu. Nimempigia rabi, kasema mpira si chachu. Kesho asubuhi naiwasha tena."

"Na Mama?"

"Kesho naenda kwake."

Asubuhi nikaiwasha tena, ikajisafisha kimya kimya mpaka mwisho. Halafu nikampandisha Gita kwenye kigari, tukapanda tramu, lile treni la barabarani.

Mama Raizel alifungua mlango, akaniangalia usoni.

"Umekiona."

"Nimekiona, Mama."

"Lazer anajua?"

"Hajui."

"Asijue."

Tukakaa jikoni kwake. Safari hii hakuificha mikono. Aliilaza mezani, na nikaiona inavyocheza, kama inapiga kinanda ambacho hakipo.

"Kwenye pipa nisingeweza kukipeleka," akasema. "Wangekiona. Kuchemsha maji mwenyewe siwezi, nitajiunguza. Nikasema kwenye moto wako kitatakasika na hakuna atakayejua, na mezani nitakifunika kitambaa. Huo mpira wala sikuufikiria. Nilifikiria chuma tu."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Mama yangu alikuwa na ugonjwa huu huu. Walimfunga taulo shingoni mezani, mbele za wageni. Wakwe zake wakipokezana kumlisha, huku wanaongea habari zao, kama wanajaza chupa."

Nikasogeza kiti karibu naye.

"Daktari anasemaje?"

"Anasema itazidi."

Nikapiga hesabu kichwani. Kijiko kingine kingechukua wiki kufika, na sikukuu ilikuwa jioni ile ile.

"Nilikuwa nimeamua, Bluma," akasema. "Mwaka huu nile kwako. Nimechoka kunusa supu yako tu."

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa analilia mbele ya oveni.

"Nitakuja," akaendelea. "Nitakaa, nitasema nimeshiba. Wewe usibishe."

"Sitabisha, Mama."

Nikasukuma kigari mpaka kituo cha tramu, sioni vizuri ninakokwenda.

Jioni ikafika. Akaja amevaa vizuri, akakaa kiti cha pembeni yangu. Usiku ule kwetu mtu hajimiminii divai. Mwenzako anakumiminia, wewe unammiminia yeye, kwa sababu ni usiku wa watu walioachwa huru na mtu huru anahudumiwa. Nikammiminia nusu kikombe, akakibeba kwa mikono miwili. Mkate mkavu usiotiwa chachu akaumega chini ya kitambaa. Hakuna aliyeona.

Ikaja supu.

Nikaona Lazer anamwangalia mama yake. Kila mwaka anamwangalia hivyo, kama mtoto anayesubiri matokeo.

Mama Raizel akasukuma sahani. "Mimi nime..."

"Subiri, Mama," nikasema.

Nilikuwa nimeahidi kutobisha. Sijui mdomo uliniongoza wapi.

"Lazer, divai tunamiminiana, sivyo? Basi na supu iwe hivyo hivyo. Mtu asijilishe mwenyewe. Gita atakulisha wewe, wewe unilishe mimi, mimi nitamlisha Mama."

Gita hakungoja kuambiwa mara mbili. Kijiko cha kwanza kikaishia kwenye ndevu za baba yake, cha pili kwenye shati.

"Bluma, desturi hii umeitoa wapi?" Lazer akauliza, supu inamdondoka kidevuni. "Sijawahi kuisikia popote."

Nikamwona Mama Raizel anaiangalia ile supu, halafu mimi, halafu mwanawe aliyelowa kifua kizima.

"Ni ya kwetu," akasema. "Ulikuwa mdogo. Umesahau."

"Mama, mimi sijawahi..."

"Umesahau, Lazer. Fungua mdomo, mtoto anakusubiri."

Nikachota. Nikapeleka kijiko. Nawaambieni ukweli, mkono uliokuwa unatetemeka pale mezani ulikuwa wangu.

Akafungua kinywa. Akameza.

"Chumvi haitoshi," akasema. "Lete nyingine."

Akamaliza sahani.

Siku kadhaa baadaye alimwambia Lazer mwenyewe, kwa kinywa chake. Lazer alitoka nje akasimama kwenye baraza muda mrefu, nami sikumfuata. Mikono haijapona na haitapona. Kila mwezi ugonjwa unachukua kitu kingine, juzi ni vifungo vya sweta, na sisi tunaangalia tu, hatuna la kuufanya.

Lakini anakula kwangu.

Ndugu msomaji, kama yupo mtu anayekikataa chakula chako, au hataki kumpakata mwanao, usijipikie sababu ukaishi nayo miaka kama mimi. Muulize. Na ukishindwa kumuuliza, sogeza kiti ukae karibu naye.