Mabeseni Sita Kabla ya Ijumaa

Kwenye kituo cha kusafishia majitaka kila mtu alimwita Mama Mabeseni, hata mumewe alipokuja kumchukua jioni. Alikuwa amepima maji pale kwa miaka ishirini na miwili. Mashine zake aliziheshimu, lakini kwa ubishi aliozaliwa nao hakuwahi kuziamini peke yake. Nje ya mlango wa maabara aliweka beseni la maji ya bwawa la mwisho, yaliyokwisha kusafishwa, na juu yake akatandaza vile vimea vidogo vya kijani vinavyopenda kuelea kwenye maji yaliyotulia. Asubuhi, kabla ya kuvaa koti, aliviamkia kwanza. Wenzake walicheka mpaka wakachoka.

Jumatatu moja alikuta vimea vimepauka kama karatasi. Akapima maji: yanang'aa, hayanuki, hewa tele. Mashine zikasema safi.

"Mama, samaki wa kwenye tangi la majaribio wanaogelea wazima," mkuu wa kituo akamwambia. "Wewe unalilia majani?"

"Bosi, kinachoua majani si lazima kimguse samaki. Samaki atakufa kwa njaa baadaye, sisi tumeshapiga muhuri kwamba maji ni safi."

Na muhuri wenyewe ulikuwa wa Ijumaa. Siku hiyo lango lingefunguliwa, maji yaende kwenye bwawa jipya la wifi yake, dada wa mumewe, aliyelichimba mwaka mzima kwa mikono yake na kuagiza vifaranga elfu tatu wa samaki. Vifaranga hula ukijani wa majini na kujificha humo. Ukijani ukifa, nao wamekwisha. Na aliyemtia wifi moyo achimbe ni Mama Mabeseni mwenyewe.

Mkuu akampa mpaka Alhamisi athibitishe. Hapo mama wa watu akapandwa na mori. Kituo kina mabwawa matano yanayopokezana maji. Akajaza beseni moja kwa maji yanayoingia kutoka mjini, na moja kutoka kila bwawa, yakawa sita, yote akayatilia vimea vibichi. Sumu ikiwa ya mjini, la kwanza ndilo litakalopauka mapema.

Siku ya Jumatano hakukaa kitini, kutwa aliyazunguka mabeseni yake. Alhamisi asubuhi alifika mbio, mkoba ukimpiga ubavuni, akakuta mabeseni matano ya kijani kibichi, hata lile la maji ya mjini linalonuka. La sita, jeupe. Akajipiga makofi mapajani, akacheka peke yake. Sumu haikutoka mjini! Imeingia hapa hapa, bwawa la mwisho, na kuna mtu anayeitia. Akashuka kingoni karibu akimbie, kwa furaha ya kumnasa mtu.

Mtu alikuwepo. Mfyekaji wa kituo alikuwa ameinamia maji, anasuuza bomba la kupulizia dawa ya kuua magugu, na povu linaingia bwawani.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasuuza, dada. Kila nikimaliza kupuliza." Akashangaa kuulizwa. "Si ndipo maji yanaposafishwa hapa?"

Hilo ndilo kosa la watu wa kituo. Wakishazoea kuona uchafu wa mji mzima ukiishia mabwawani, huamini mabwawa hayashindwi na kitu.

"Na nani alikuruhusu kupuliza? Kingo hizi zinafyekwa."

"Zilikuwa zinafyekwa. Mwezi uliopita ukaona nyoka, ukaandika barua nyasi ziuliwe kabisa. Mkuu akasaini."

Kweli aliandika. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, lakini ile furaha, ajabu, haikuzimika, maana sasa alijua.

Akampigia wifi kabla hata ya kumwambia mkuu.

"Wifi, kesho lango halifunguliwi. Maji yana dawa ya kuua magugu. Vifaranga wasije mpaka vimea vyangu vikae kijani."

"Nataka kumjua aliyeitia."

"Ni mimi."

Akamweleza yote, barua na nyoka.

"Na huyo nyoka bado yupo?" wifi akauliza.

"Yupo."

"Basi kingo hizo utazifyeka mwenyewe, naye akiwemo."

Ijumaa, saa ile ile lango lilipopaswa kufunguliwa, Mama Mabeseni alikuwa kingoni na mabuti ya mumewe, fyekeo mkononi, akikanyaga kwa kishindo ili nyoka asikie mapema na kupisha.