Usukani Upande wa Naliaka

Nilifunga safari kwenda kwa fundi wa magari Bungoma kwa sababu kibali cha gari letu kukaa Kenya kilikuwa kimebakiza wiki tatu. Mimi na mke wangu Naliaka tulifundisha Kigali miaka kumi na minne. Huko magari hupita mkono wa kulia na usukani huwa kushoto, na ndiko tulikonunua gari hilo dogo la buluu. Kila Desemba lilituleta nyumbani Kitale. Mwaka jana Naliaka alifariki, nami nikarudi nyumbani kabisa. Mkaguzi wa magari alilizunguka mara moja tu, akasema usukani uhamie kulia na taa zibadilishwe, ama lirudi lilikotoka. Kuliuza sikutaka hata kusikia. Ningeona kama namfukuza Naliaka kitini mwake.

Saa mbili asubuhi, Kitale. Shemeji yangu Nasimiyu, mdogo wake Naliaka, alikuja na kikapu cha ndizi akaketi kulia. Nilimhitaji. Ukiwa na usukani wa kushoto katika barabara zetu, huoni mbele ya lori unalotaka kulipita. Anayeona ni abiria. Safari zile za Desemba, tulipovuka tu mpaka kuingia Uganda, ambako magari hupita kushoto kama kwetu, Naliaka aliacha hadithi zake akaanza kazi: "Ngoja. Ngoja... Haya." Nikisikia "haya" nilipita bila kuuliza, maana kumtii nilishazoea tangu siku ya harusi.

Kiminini hadi Kamukuywa. Kwa kazi hii Nasimiyu si dada yake hata kidogo.

"Pita, shemeji! Si upite!"

Nikatoa pua ya gari.

"Wee! Rudi, rudi, kuna trela!"

Nikarudi nyuma ya trekta la miwa, roho mkononi. "Sasa si ungesema mapema?"

"Ati mimi nijue inakuja na mbio hivyo? Mimi ni mshonaji nguo, bana."

Tulicheka, lakini tangu hapo sikupita hata mkokoteni wa punda.

Kimilili. Hapa Naliaka alikuwa akishusha kioo kila Desemba, anatazama juu mlimani, Kapsokwony alikozaliwa mama yake, na kusema baridi ya huko inanukia vitunguu. Mimi nilikuwa nikimwambia afunge, vumbi linaingia. Safari hii nilimwomba Nasimiyu ashushe kioo. Sikusikia harufu ya vitunguu, nilisikia vumbi tu, lakini sikumwambia afunge.

Saa sita kasoro, Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma. Tulimkuta Fundi Harbans gerejini kwake, Kalasinga mwenye kilemba cha samawati kilichopauka. Alizaliwa Bungoma, na baba yake pia, akatusalimia kwa Kibukusu: "Mulembe!" Alikuwa na dashibodi na usukani wa kulia, alivyovitoa kwenye gari la aina hiyohiyo lililogongwa. Akaomba siku tano. Tukapata malazi hapo jirani, Kibabii, kwa binti wa Nasimiyu, na kila asubuhi nilikwenda gerejini kusimamia kazi nisiyoijua.

Siku ya pili Harbans aling'oa viti, kisha akaniita. "Mzee, kuja uone. Zulia ya dereva iko sawa. Hii ya abiria ndiyo imetoboka. Nani alikuwa anakanyaga hapa?"

"Mke wangu. Alikuwa akifunga breki."

"Lakini huku hakuna breki."

"Yeye alikuwa nayo."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila trela lilipotujia, Naliaka alikaza mguu sakafuni mpaka goti likatetemeka. Nami nilimcheka. Nilimwita dereva wa pili, nikasimulia jambo hilo mbele ya watoto na wageni, naye akacheka pamoja nao.

Harbans alipima kwa kiganja. "Pedali ya breki inakuja hapo hapo karibu. Nitoe zulia, niweke mpya?"

"Liache."

Aliliacha, akarudi kwenye kazi yake.

Siku ya sita, kituo cha ukaguzi. Mkaguzi alitikisa usukani, akalala chini kuchungulia, akawasha taa mpya na kuona zinaelekea ukingoni mwa barabara, si machoni mwa dereva anayekuja. "Imepita," akasema. Nilimshika mkono kwa furaha, nikafungua mlango wa kushoto, nikaketi, nikapapasa nikitafuta usukani. Nikashika dashibodi tupu.

"Mzee, unangoja dereva?" mkaguzi akauliza.

Nasimiyu alicheka mpaka akaketi nyasini. Nami nilicheka, kisha nikaona machozi yananitoka. Nilimkumbuka mke wangu sana pale.

Saa nane mchana, barabara ya kurudi. Nasimiyu aliketi kushoto anakula ndizi. Kazi yake ilikuwa imekwisha. Karibu na Kimilili tulifikia tena trekta la miwa. Nikachungulia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaiona barabara yote. Halafu trela likachomoza konani. Likapita upande wangu, karibu kiasi cha mkono, upepo wake ukalitikisa gari zima. Mguu wangu ulikwenda wenyewe kwenye breki, na kisigino kikaangukia kwenye tundu la zulia.

Basi hiki ndicho alichokuwa akikiona. Kila Desemba matrela yote yalipita upande wake, nami nimekaa upande wa nyasi, namcheka. Nilidhani ni woga wake tu, kumbe alikuwa anaogopa kwa niaba yetu sote wawili, na bado ananiambia kwa sauti tulivu lini nipite. Niliyojifunza katika safari hii ni hayo tu, na nimejifunza kwa kuchelewa.

"Nisamehe, Mama Wafula," nikamwambia Naliaka.

"Unaongea na nani?" Nasimiyu akauliza. "Si upite, shemeji? Si unaona iko wazi?"

Niliona iko wazi. Nilikuwa nangoja mtu aseme "haya". Hakuna aliyesema, nikasema mwenyewe, nikapita.