Jina la Bibi, Kamba ya Shangazi

Majani mabichi ya chai yakishindiliwa guniani na kuachwa juani hutoa harufu tamu kama ya ndizi zilizoanza kuchacha, na mpaka leo harufu hiyo siivumilii. Kwetu, karibu na Nyaramba, kila mtu aliijua: ni harufu ya kazi ya siku nzima iliyoharibika. Msimu ule wa mvua nilikuwa darasa la tatu. Niliitwa Nyaboke, jina la marehemu mama yake baba, kwa hiyo baba aliniita Mama. Alikuwa mtu mkali, lakini akirudi jioni swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama amekula?" Wengine walinichapa, wakisema samaki mkunje angali mbichi, ingawa kwetu samaki alifika amekaushwa kitambo. Baba hakunigusa. Nani humpiga mama yake?

Shida yangu ilikuwa kutulia. Mwalimu alisema sisikii. Uongo mtupu! Nilisikia kila kitu: ng'ombe akicheua, mvua ikija kutoka kilima cha pili, jirani akigombana na mumewe, na mwalimu mwenyewe katikati ya hayo yote. Hakuna aliyenifundisha sauti ipi niiache. Siku moja mama aliniachia gunia la majani kwenye kituo cha kupimia chai, nikingoja gari la kiwanda, niyatandaze kivulini na kuyageuza yasipate moto. Mara kumbikumbi wakatoka ardhini. Niliwafuata hadi ng'ambo ya kijito. Niliporudi, majani yalikuwa mekundu, na karani wa kiwanda ameyamwaga chini mbele ya majirani.

Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato. Habari za mizimu hakutaka kuzisikia, lakini majina aliyaogopa: kwetu mtoto akipewa jina la marehemu, huhesabiwa kuwa ndiye marehemu amerudi. Jumamosi hiyo, baada ya ibada, aliwaketisha jamaa akatangaza kwamba nilipozaliwa walikosea marehemu.

"Huyu si mama yangu," alisema. "Mama yangu hakurudishiwa hata jani moja na karani. Huyu ni Kwamboka."

Kwamboka alikuwa dada yake, mwanamke asiyetulia, aliyekuwa akifungwa kamba asizurure, akafa kamba ikiwa mguuni. Kamba nayo ililifuata jina. Watu wakienda kuchuma chai, mimi nilifungwa kwenye nguzo ya zizi, na baba ndiye aliyekaza fundo. Nilimchukia. Na kila jioni nilingoja aulize kama nimekula.

Sasa kaka yangu ana binti. Jina Nyaboke lilikuwa halina mtu, akapewa yeye, naye hatulii hata wakati wa maombi. Walimpeleka hospitali mjini Kisii, daktari akasema ni ADHD, kwamba ubongo wake umeumbwa hivyo, wala si utundu. Wanaiita upungufu wa umakini. Mimi, niliyeishi humo, ningesema ni umakini uliozidi, usio na mlango wa kufunga. Lakini jina hilo baya la daktari limemwokoa, nami nalishukuru kwa uchungu. Desemba iliyopita nilimkuta baba, mzee sasa, amempakata, akiwaonya wageni kwamba mtoto huyu asiguswe.

"Baba," nikamwambia, "hata mimi nilikuwa hivyo hivyo."

Alichukua kitambaa mfukoni.

"Wewe ulikuwa Kwamboka," akasema, akimfuta mtoto jasho. "Hebu nenda jikoni uulize kama Mama huyu amekula."